Maji Yalirudi Kwanza

Mkubwa wangu aliniomba nibadilishe neno moja, nami nilikubali hata kabla hajamaliza kuliomba. Ningeweza kukataa. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nisingeweza, kwamba ulikuwa wakati wa chama kimoja na mtu hakumkatalia mkubwa wake kitu, lakini sasa ni mzee na sina faida tena ya kujidanganya. Hakunitisha. Hakuinua sauti. Alinikuta nimesimama juu ya baraji, suruali imelowa hadi magotini, akaniuliza maji yalikuwa yamefanya nini. Nilipomweleza, akaniambia niseme vingine. Nikasema sawa.

Tulikuwa kampuni ndogo nje kidogo ya Lubumbashi, upande wa kuelekea Kasungami, tukiosha mawe ya shaba kabla hayajapelekwa kwenye viwanda vikubwa vya serikali. Kuosha mawe kunataka maji. Tangu zamani za Wabelgiji bonde moja lilikuwa limezibwa kwa ukuta wa udongo, na nyuma yake maji yakawa ziwa. Ukuta huo ndio tuliouita baraji. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, mkubwa wetu aliamua kuuongeza kimo. Kazi ilifanywa haraka, katikati ya mvua, udongo ukimwagwa juu ya udongo uliolowa. Siku ya kuufungua walikuja wakubwa wa chama, wanawake wakacheza na vitenge vipya, na mkubwa wetu akapigwa picha akiwa ameshika mkasi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma ubao wa kupimia maji, ubao wenye mistari uliosimikwa ziwani karibu na baraji. Asubuhi na jioni niliangalia maji yamefika mstari gani. Ilikuwa kazi ya mtu aliyesoma sekondari na asiye na mtu wa kumsukuma mbele.

Chini ya baraji, upande usio na maji, kulikuwa na bustani na nyumba chache za matofali mabichi. Mojawapo ilikuwa ya yaya yangu, dada yangu mkubwa. Mama yetu alikufa nikiwa bado natambaa, na yaya ndiye aliyenibeba mgongoni. Shule yangu yote ililipwa na mboga zake, lengalenga na matembele, alizouza sokoni. Nyumba yake ilijibanza nyuma ya kichuguu kikubwa, kimoja cha vile vichuguu vyetu vya Katanga vinavyozidi nyumba kwa urefu na kuota miti juu yake. Kichuguu hicho kiliegemea mguu wa baraji kama mtu aliyeweka bega mlangoni. Kuku wa yaya walilala pale. Alikipenda kwa sababu kilimkinga na upepo wa mwezi wa saba.

Mwalimu wa hesabu alitufikia kipindi cha kiangazi. Alifundisha chuo kikuu, kule Kasapa, na alitokea familia ya Kikatoliki ya kaskazini, baba yake akiwa mtu wa reli. Alikuja na baiskeli na ruhusa ya mkubwa, akataka kutumia ziwa letu. Alikuwa anasomea mawimbi makubwa ya bahari, yale ambayo Wajapani wanayaita tsunami.

"Mwalimu," nilimwambia, "bahari iko wapi huku kwetu?"

"Hii njo bahari yangu," akajibu, akionyesha ziwa. "Ile ya kweli sijaionaka hata siku moja."

Alinieleza kwa subira. Ardhi inatikisika au inaporomoka chini ya bahari, mbali, na hakuna anayeona. Watu wa pwani wanaona kitu kimoja tu, ukingo wa maji unaotembea: maji yamerudi, maji yamekuja. Yeye alitaka kuanzia pale pwani na kurudi nyuma kwa hesabu mpaka mahali palipotikisika. Ugumu, alisema, ni kwamba ukingo wenyewe hautulii. Unapimaje wimbi ukiwa umesimama juu ya mstari unaokimbia? Kwa hiyo kwanza aligeuza mwendo wa ukingo kuwa mwendo wa wimbi lililokuwa bado ndani ya ziwa. Baada ya hapo alilirudisha wimbi lilikotoka. Kwenye maji ya kina kirefu alilirudisha mbio, kwenye kina kifupi polepole, na kutoka kila ukingo alichora mstari wa duara. Mahali ambapo mistari yote ilikutana, ndipo wimbi lilipozaliwa.

Tulipima kina cha ziwa kwa mtumbwi na kamba yenye jiwe. Tulisimika vijiti kwenye kingo. Halafu tukaanza mchezo ambao watu wa bustani waliupenda kuliko mpira. Mlinzi wa pampu alikwenda na mtumbwi kutupa gunia la mawe popote alipotaka, huku mwalimu amekaa nyuma ya kibanda na kitambaa usoni. Sisi wa kingoni tulimwambia tu maji yalifanya nini kwetu, na nani aliona kwanza. Alikokotoa, akanyanyuka, akatuonyesha kwa kidole mahali gunia lilipoangukia. Wanawake waliokuwa wakilowesha mihogo ng'ambo walipiga vigelegele.

"Huyu ni mulozi!" mmoja akasema, yaani mchawi.

Yaya yangu alisimama na beseni kichwani. "Mwalimu, ile mbuzi yangu yenye ilipotea mwaka jana, hesabu yako inaweza kuiona?"

"Kama ilianguka mu maji, yaya, nitaipata."

"Ilianguka mu sufuria ya jirani!"

Watu walicheka mpaka mlinzi nusura apindue mtumbwi. Hata mkubwa wetu, aliyekuja kutazama, alicheka.

Ni katika siku hizo mwalimu alitufundisha jambo ambalo baadaye nilitamani nisingelijua. Gunia linalotupwa kutoka juu husukuma maji pande zote, kwa hiyo kila ukingo huona maji yakipanda kwanza. Lakini udongo ukiteleza ukiwa tayari chini ya maji, maji yaliyo juu yake huzama kufuata pengo. Ukingo ulio mgongoni mwa anguko huona maji yakirudi kwanza. Kingo zilizo mbele yake huona yakipanda. "Ukiona maji imekukimbia," alisema, "jua ile kitu imevunjika iko chini ya miguu yako." Mkubwa wetu alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kama nilivyosikia.

Mvua zilikuja, mwalimu akarudi kwenye madarasa yake. Mchana mmoja mvua ilikuwa imekatika na hakukuwa na upepo hata kidogo; ziwa lilikuwa kama sinia. Nilikuwa nimeshuka kwenye ubao. Maji yakaondoka. Hayakuondoka kwa kelele. Yalivutwa tu, kama mtu anavyovuta shuka kutoka kitandani, na tope ambalo sikuwahi kuliona likabaki wazi mbele yangu likiwa na visamaki vinavyorukaruka. Nakumbuka nilitazama mguu wa ubao, ulivyokuwa mweusi na umeota utelezi. Kisha yakarudi yakanipanda hadi magotini. Baada ya hapo ndipo niliposikia wanawake wa ng'ambo wakipiga kelele. Maji yalikuwa yamewajia juu na kubeba mihogo yao. Ziwa lilicheza kidogo huku na huku, likatulia. Baraji ilikuwa imesimama, nyasi juu yake zimesimama. Hakuna kilichoonekana kubadilika.

Mkubwa alitoka ofisini mbio.

"Ilifanya nini hapa?"

"Ilirudi kwanza, shefu. Kisha ikapanda."

"Ilirudi."

"Ndiyo, shefu. Mpaka pale."

Alitazama tope, akatazama baraji yake. Nilimwona akihesabu, na si hesabu ya mawimbi. "Bakubwa ba chama balikuya hapa," akasema taratibu. "Tulicheza, tulikula. Sasa niende kubaambia nini? Baraji inatembea?"

"Mimi sikusema inatembea."

"Weye unajua nini inasema, na miye najua. Mwalimu atakuya kukuuliza. Mwambie maji ilipanda. Neno moja tu, sitwayen." Ndivyo tulivyoitana wakati ule, mwananchi. Kisha, akiwa tayari amegeuka: "Ile nyumba ya pembeni mu kampi mupya, yenye bafu ndani, haijapata mutu."

Nikasema sawa, shefu. Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Niliogopa, lakini kidogo. Mke wangu alikuwa na mimba, tuliishi chumba kimoja, na niliiona ile nyumba mbele ya macho yangu, bomba likitoa maji ndani.

Mwalimu alikuja na baiskeli yake imejaa tope. Alikwenda kwanza kwa wanawake: maji yalipanda. Kwa mlinzi wa pampu, mwisho wa ziwa: yalipanda. Akaja kwangu.

"Na hapa ku baraji, papa?" Aliniita baba, kwa heshima.

"Yalipanda."

"Yalipanda moja kwa moja? Hayakurudi?"

"Yalipanda."

Nilidhani nimemaliza. Lakini akauliza: "Mbele ya banamuke kupiga kelele, ao nyuma?"

Hilo mkubwa hakuwa amenifundisha. Ukweli ulikuwa mbele, yaani kabla. Maji yalinifikia kabla ya mtu yeyote. Lakini kama yalinifikia kwanza, basi yalizaliwa karibu nami, na hata mtoto angeona. Nikasema: "Nyuma. Banamuke balilia, kisha maji ikafika kwangu." Hivyo neno moja likawa mawili, na la pili halikuombwa na mtu. Lilikuwa langu peke yangu.

Alikaa kwenye kibanda chetu na karatasi zake mchana kutwa. Nilimletea chai. Mistari yake ilikutana kwenye ukingo wa magharibi, mteremko mkali ambako watu walikuwa wamekata miti ya kuchoma makala, yaani mkaa, na ambako siku ile hakukuwa na mtu wa kuona lolote. Alikwenda kupatazama, akakuta nyufa kwenye udongo. Nyufa ziko kila mahali ambapo miti imekatwa. Lakini alirudi akiwa na uso wa mtu asiyeshiba.

"Hesabu inakubali," akaniambia, "lakini inakubali kwa shida. Maji ya banamuke ilipanda sana. Kutoka pale magharibi haiwezi kupanda vile." Akanitazama. Hakuwa ananishuku, alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe. "Papa, uko hakika?"

Kama kuna swali ambalo ningepewa nafasi ya kulijibu tena, ni hilo. Chai ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Niko hakika."

Alishauri mteremko wa magharibi uwekewe udongo mzito kwenye mguu wake usije ukateleza tena. Ulikuwa ushauri mzuri kwa mahali pasipougua. Mkubwa aliupokea kwa furaha, kwa sababu ulikuwa na sahihi ya chuo kikuu na haukugusa baraji. Akatangaza salongo. Wasiojua wakati ule waambiwe: salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi, kila mtu na jembe lake, bila malipo, na nyimbo za chama juu yake. Mimi nilipewa kuisimamia.

Udongo ungetoka wapi? Mtu yeyote wa Lubumbashi angejibu bila kufikiri. Sisi tunajenga kwa udongo wa vichuguu. Hakuna tofali linalopita tofali la kichuguu. Na kichuguu kikubwa cha karibu, kando ya njia ya mkokoteni, kilikuwa kile kilichoegemea mguu wa baraji. Mkubwa alikionyesha kwa fimbo. Mwalimu hakuwapo, na hata angekuwapo, kwa maneno niliyompa, baraji ilikuwa nzima na kichuguu kilikuwa kichuguu tu.

Mimi nilijua. Nilisimama na filimbi nikawatazama watu wakikipunguza. Walikuwa wanatoa bega mlangoni, beseni kwa beseni, wakiimba. Yaya yangu alikuwa katikati yao.

"Weye shefu ya filimbi," alinipigia kelele, "unaona banavyobomoa nyumba ya kuku bangu? Hii kyulu njo inanifichia upepo!"

"Ni amri, yaya."

"Amri yako ao ya nani?"

Watu wakacheka, naye akacheka, akajaza beseni, akalipandisha kichwani kwa mkono mmoja kama alivyobeba mboga miaka yote ile. Alipanda njia kwenda magharibi akiyumba kidogo. Nilipiga filimbi ili watu wasipumzike.

Jumamosi chache zilitosha. Palipokuwa na kichuguu pakabaki uwanja, na kuanzia mlango wa yaya mtu aliweza kuona mguu wote wa baraji, mtupu. Wiki zile nilihamia nyumba ya pembeni. Nilifanywa karani, ubao akapewa mwingine. Lakini kila nilipokwenda kumsalimu yaya nilizunguka kwanza nyuma ya nyumba yake. Kwenye ule uwanja kulikuwa na mahali palipobaki pameloa hata jua likiwaka. Mwanzoni maji yaliyotoka pale yalikuwa safi, naye alifurahi, akapanda matembele. "Mungu amenipa bomba yangu," alisema. "Si weye peke yako uko na bomba." Baadaye maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yanatoka na udongo wa ndani.

Nilimwomba ahamie kwetu.

"Juu ya nini?"

"Nyumba ni kubwa. Mutoto anakuya, bibi yangu anahitaji mutu."

Alikuja. Mtoto alizaliwa, akamkanda kwa mafuta, akamwimbia. Nilipomwona amelala kwenye mkeka katika chumba cha mbele, mbali na baraji, nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu mvua. Lakini mvua nyingine zilikaribia na akaanza kuongea habari za bustani, kwamba jirani atamwibia mashina.

"Bakia, yaya. Bakia mpaka mvua ikatike."

Alikuwa anafunga mzigo wake. Akaacha kufunga. "Kuna kitu unanificha?"

Ingetosha kusema maji yalirudi kwanza. Angeelewa mara moja. Alikuwapo kwenye mchezo wa magunia, alijua maana yake kuliko mkubwa. Lakini angeelewa pia ni nani aliyesema yalipanda, na kwa nini nyumba ile ilikuwa na bafu, na kwa nini alibebeshwa kichuguu chake mwenyewe kichwani. Sikutaka anitazame akiwa anajua hayo.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni vile tu tumekuzoea."

Akanipiga bega kama mtoto. "Nitakuya siku ya Mungu, nikitoka ku kanisa." Akaenda.

Ilitokea mchana, mvua ikinyesha kidogo tu. Kutoka ofisini nilisikia sauti kama lori linalomwaga mawe, ila halikumaliza kumwaga. Nilipofika juu, ziwa lilikuwa linaondoka. Baraji ilikuwa imefunguka pale nilipokuwa nikisomea ubao, mbele kabisa ya uwanja wa kichuguu. Chini hapakuwa na bustani wala nyumba, ni maji mekundu yakikimbia. Watu wengine walikuwa mashambani au mjini na walipona. Yaya alikuwa nyumbani, kwa sababu mvua kubwa ya asubuhi ilimzuia kwenda sokoni. Mkubwa wetu alihamishwa kabla ya kiangazi, na sikusikia tena habari zake. Mteremko wa magharibi haukuwahi kuteleza. Ukipita leo utauona na udongo wetu mguuni pake.

Baada ya matanga nilikwenda Kasapa. Mwalimu alinipeleka kwenye darasa tupu, nami nikamwambia yote mawili: maji yalirudi, na yalirudi kabla ya wanawake kulia. Nikamwambia pia tulivyokibomoa kichuguu, na yaya alivyokufa. Alichukua chaki akachora ziwa letu ubaoni kwa kumbukumbu, akaandika, akafuta, akaandika. Mistari yake ilikutana haraka, bila shida yoyote, na ile ziada ya maji ya wanawake ikapata mahali pake. Akaweka alama. Ilikuwa ndani ya baraji, chini ya ubao wangu.

"Kama ningeanzia hapo, ningesema musiguse kichuguu," alisema. Alikuwa bado ameupa ubao uso. "Ningesema mukiongeze."

Nilisubiri anitukane. Alipangusa vidole vyenye chaki kwenye suruali yake, akaniuliza kama yaya alimpata yule mbuzi, kisha akakumbuka kwamba yaya hayupo tena, akakaa kwenye dawati la wanafunzi na kufunika uso.

Nyumba ya pembeni niliishi ndani yake hadi nilipostaafu, na watoto wangu wote walikulia pale. Hawajui haya, sasa watayajua. Nilisema maji yalipanda wakati yalirudi, na kwa sababu hiyo nilimpoteza yaya yangu, aliyenibeba mgongoni na kunisomesha, akafa bila kuambiwa kitu ambacho mimi, mdogo wake, nilikijua.